Spana Iliyoanguka

Chamanangwe, chini ya banda la bati,
pikipiki huja vipandevipande ndani ya kreti,
kama habari ya mtu iliyosimuliwa na watu saba,
kila mmoja na kiungo chake.
Sisi twaunga.

Mie sifungi nati. Mie ni wa mwisho.
Nashika spana ya kipimo, ile inayolia *ta*
nguvu ikitosha. Nasikiliza.
Natia doa la rangi ya manjano,
nagonga muhuri kwenye kadi: IMEPITA.
Kutoka hapo chombo ni cha watu.

Jumatatu ile spana ilinitoka mkononi.
Ikapiga sakafu kwa sauti ndogo,
kama kijiko jikoni.
Asaa aliniangalia. Nami nilimwangalia Asaa.
Kanuni iko ukutani, niliiandika mwenyewe:
KIPIMO KILICHOANGUKA KIPIMWE.
Lakini cha kukipimia kiko Unguja,
na Unguja ni meli, na meli ni Alkhamisi,
na Mhandisi Suweid keshapita mara mbili akihesabu kwa kidole:
karafuu zimeanikwa, watu wana pesa mkononi,
"Mize, leo nataka kumi na moja."

Nikaipangusa kwa ncha ya mtandio.
Nikaijaribu. Ikalia *ta*.
Ikilia, nikasema, ni nzima.
Kana kwamba mgonjwa akiitikia hodi
ndiyo kapona.

Kumi na moja. Nikazigonga zote.

Wiki ya tatu ya sita yake ikarudi
juu ya gari la ng'ombe,
gurudumu la mbele limelala ubavu,
na doa langu la manjano
likimeremeta juu ya nati iliyolegea
kama jino la dhahabu kinywani mwa mwongo.

Kikao kikaitwa.
Barabara mbovu, alisema mmoja. Gunia zito, akasema wa pili.
Nati za safari hii ni laini na waliotuletea hawajibu barua.
Haji Shaame wa stoo akala yamini
kwamba kreti zilishuka kavu.
Mkono wangu ulikuwa juu ya meza, kidole gumba kina wino.
Nikasema: Ilianguka.
Hakuna aliyeuliza nini.

Hospitali ya Wete, kitanda cha dirishani,
Khatib Mkasha, plasta mpaka gotini.
Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kuomba radhi.
Hakuyataka.
"Tangu Konde nasikia *ngo, ngo*," akasema,
"nikadhani ni pishi ndani ya gunia."
Akanyamaza. Mamaake alikuwa anamenya chungwa,
ganda refu, halikatiki.
"Siku ile uligonga ngapi?"
Nikamwambia.
"Sasa hapa umekaa unafanya nini?"

Tangu hapo nina daftari.
Ya kwanza niliikuta Tumbe, imebeba madumu.
Ya nne Kangagani, kijana kaivisha maua ya plastiki,
nati imerudi nyuma nusu mzunguko.
Mwenye ya tisa alinicheka:
"Si nyinyi mlioipitisha?"
Si sisi. Mie.
Nikapiga goti vumbini, nikaikaza mbele ya watoto wake
kwa spana mpya, yenye cheti.

Ile mbovu haikutupwa. Niliitundika chini ya kanuni,
imefungwa uzi mwekundu.
Mhandisi hapendi wageni waione.
Ipo.

Ukihesabu na ya Khatib, kumi nimezipata.
Moja iliuzwa, ikauzwa tena,
yasemekana ilibadilishwa kwa ng'ombe huko Kiuyu,
yasemekana imepigwa rangi nyeusi.

Usiku nalala upande wa barabara.
Inakuja moja, naisikia toka mbali,
inapanda tuta, pumzi nimeishika,
inakata kona ya msikiti.
Imepita, nasema,
na masikio yanabaki wazi.